Mche Chini ya Kidirisha

Nyanchera alirudi kutoka mtoni, mtungi kichwani na mtoto mgongoni, akakuta mche mwingine.

Huu ulikuwa chini ya kidirisha, upande ule wa ukuta ambao kwa ndani una kitanda. Ulikuwa mdogo, wenye majani mabichi yaliyobanana, na udongo ulikuwa umeshindiliwa kulizunguka shina polepole, kama mtu anavyomfunika mtoto blanketi. Hata maji ulikuwa umenyweshwa. Ungeuona katika shamba la mtu mwingine ungesema mkulima huyu ana mikono mizuri. Lakini kuuona kwenye ukuta wako, nawe huna habari nani aliyeuleta, hapo mikono mizuri inatisha kuliko mibaya.

Alitua mtungi. Hakuugusa mche. Alirudi nyuma mpaka penye migomba, akaita kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayetaka kusikiwa na mmoja tu.

"Tryphosa. We Tryphosa, njoo kidogo."

Tryphosa alikuwa mke wa Cleophas, kaka mkubwa wa mume wake, na maboma yao yalitengwa na safu ya migomba tu. Alifika mara moja. Ukimwita Tryphosa kwa kelele alikuwa na kazi nyingi, lakini ukimnong'oneza aliacha hata chungu jikoni.

"Mche umerudi tena?" akauliza, akichungulia.

"Ule wa mlangoni tuliung'oa. Huu ni mwingine."

"Basi mwenye kazi yake hachoki." Tryphosa alikunja pua. Harufu ilikuwa kali, ya kupanda kichwani, si ya mboga wala si ya maua. "Na anajua unapolala. Mimi hata mume wangu hajui ninapolala, jinsi anavyorudi kutoka pombeni."

Siku nyingine Nyanchera angecheka. Siku hiyo alimshika mtoto miguu kwa nyuma, akaona kama imepoa, kisha akaona kama ina moto, kisha hakujua.

Katika vilima vile kitu kilichofukiwa karibu na nyumba ya mtu hakikuwa zawadi. Omorogi, mchawi, hakuhitaji kuingia ndani. Alihitaji ukuta tu. Mwaka uliotangulia, baada ya mvua ndefu, mtoto wa kwanza wa Nyanchera, mvulana aliyekuwa anaanza kutembea kwa kushikashika vitu, aliwaka homa, akatetemeka, akafa. Kabla machozi hayajakauka, homa ile ile ikamchukua mama mkwe. Watu walipochimba kizingiti walipata mfupa mdogo, na hapakuwa na mtu mwenye hamu ya kusema kwamba huenda mbwa ndiye aliyeuficha.

Sasa askari walikuwa wameanza kurudi kutoka vita vya Wazungu, mvua ndefu ilikuwa imekwisha tena, na homa ilikuwa imerudi. Asubuhi baada ya asubuhi kilio kilisikika kutoka ng'ambo ya bonde, na watu walisimama na majembe yao wakihesabu kwa macho ni nyumba ya nani. Chini bondeni waumini walikuwa wamechimba udongo wa matofali ya kanisa, wakaacha mashimo, na mashimo yakajaa maji. Mbu walitoka huko jioni kama moshi. Wazee walikuwa wakijisifu zamani kwamba mbu ni wa watu wa ziwani. Sasa waliwapiga shavuni kimyakimya.

Abner, mume wa Nyanchera, alikuwa Kericho akichuma chai. Mtoto aliyembakia ni huyu wa mgongoni, Kwamboka, ambaye hata meno hajaota. Kila jioni Nyanchera alimgusa shingo kabla ya kumlaza, na kila jioni mkono wake ulichelewa kwenda, kwa sababu uliogopa utakachokikuta.

"Usimguse kwa mkono," alisema Tryphosa, akizungumza na mche kama mtu. "Jembe. Kisha tumchome pale njia panda, upepo umpelekee mwenyewe."

Hivyo ndivyo walivyofanya na mche wa kwanza, na wa pili. Lakini mara hii mvua ya mawe iliwakamata wakiwa na kitu hicho juu ya jembe, wakakimbilia ndani, na Tryphosa, ambaye hakupenda kazi ya nusunusu, akautupa kwenye moto wa jikoni.

"Ndani ya nyumba?" Nyanchera alishtuka.

"Unataka nitoke nikapigwe mawe na Mungu pamoja na mchawi siku moja? Utaungua tu. Ziba pua."

Moshi mzito ulijaa nyumba mpaka kwenye paa la nyasi. Mtoto alikohoa, wakubwa wakalia machozi. Mvua ilipopungua Tryphosa alikwenda zake, na Nyanchera akabaki na harufu ile kwenye nguo, kwenye ngozi za kitanda, kwenye nywele za mtoto.

Jioni hiyo hapakuwa na mbu hata mmoja.

Jioni nyingine zote waliimba juu ya sikio mpaka mtu akatamani kujipiga kofi. Sasa nyumba ilikuwa kimya. Nyanchera alikaa macho akiusikiliza ukimya huo. Ni kitu gani hicho, alijiuliza, kinachoogopwa hata na mbu? Alimkumbatia mtoto, akageuza mgongo upande wa kidirisha ili lolote litakaloingia lianze na yeye.

Siku zilizofuata alifanya hesabu yake. Miche haikuja alipokuwa nyumbani. Ilikuja alipokwenda mtoni au shambani, mchana kweupe. Basi mpandaji alikuwa mtu wa karibu, mwenye kuijua njia yake. Mawazo hayo yalimharibia kijiji kizima. Akisalimiwa njiani na mtu aliyemjua tangu alipoolewa, aliitikia vizuri, kisha akageuka kutazama kucha za mtu huyo kama zina udongo. Na nani hana udongo kwenye kucha katika nchi ya wakulima?

Mche ukaja tena, pale pale chini ya kidirisha. Mara hii hakumwita Tryphosa. Aliuacha, akijua mwenye kuunywesha maji atarudi, akabeba mtungi mtupu, akapita mbele ya boma akiimba kidogo ili asikike, kisha akazunguka kwa nyuma na kujificha katika migomba. Mtoto alimpa titi ili asilie.

Alikaa. Kuku walipita. Karani, mbwa wa baba mkwe, aliyepewa jina hilo kwa sababu alikaa siku nzima akitazama wengine wakifanya kazi, alikuja, akanusa, akaondoka.

Kisha akaja Nyangate.

Nyangate alikuwa mjane, mkongwe, jicho moja limefunga ukungu, na alikuwa na kicheko cha kutoka puani ambacho watoto walikiiga wakiwa mbali. Aliinama kwenye ukuta, taratibu, mkono mmoja kiunoni. Akaushika mche. Akachuma jani, akalisugua katikati ya vidole, akalipeleka puani, akafumba lile jicho zima. Akacheka kile kicheko chake. Kisha akajiendea, akiwa ameficha jani lingine ndani ya shuka.

Nyanchera alimfunga mtoto mgongoni. Akaenda moja kwa moja kwa Tryphosa.

Ni kosa ambalo alilijua wakati analifanya. Kumwambia Tryphosa ni sawa na kupiga kengele ya kanisa. Lakini hofu ikikaa peke yake tumboni inakuwa nzito, na alitaka mtu amsaidie kuibeba. Wakaibeba wengi. Tryphosa alimwambia Cleophas, Cleophas akawaambia wenzake pombeni, na kesho yake kabla ya jua kukaa sawa vijana walikuwa wanakata vijiti vikavu, nao hawakuwa wakienda kupika. Hakuna aliyemficha Nyanchera maana yake. Mwaka jana, upande wa Ogembo, mkongwe mmoja aliteketezwa na nyumba yake, mlango umefungwa kwa nje. Watu walisimulia habari hiyo wakiwa wanakula.

Na saa ile ile alipoviona vijiti vile, mkono wake ulienda shingoni mwa Kwamboka, ukakuta moto.

Hakukuwa na mashaka tena. Mtoto alikuwa anawaka, macho yameng'aa, hataki titi. Nyanchera alisimama na mambo mawili ya kuogopa, na hakujua alikimbie lipi.

Hawakumpa nafasi ya kuchagua. Hakuna aliyeweza kuchomwa bila mzee wa ukoo kusema neno, na mzee alikuwa Momanyi, baba mkwe wake. Walimleta Nyangate mpaka uani kwake, wakamwita na Nyanchera kama shahidi.

Momanyi alikaa kwenye kigoda chake, amevaa lile koti refu lililoachwa na askari fulani, hata jua likiwaka. Alikuwa mzee wa maneno machache, na machache zaidi tangu azike mke na mjukuu katika wiki moja. Kwa Nyanchera hakuwa na hata moja. Hiyo ndiyo chinsoni, haya ambayo Wagusii wameiweka kati ya mzazi na mke wa mwanawe. Baba mkwe haingii nyumba ya mkamwana wake. Hakaribii mahali anapolala, wala hataji kitanda, usingizi au blanketi mbele yake. Palipo na neno la lazima, mama mkwe hulichukua na kulipeleka. Lakini mama mkwe alikuwa chini ya udongo, na tangu hapo maneno ya nyumba ile yalikuwa hayana wa kuyabeba, ila Tryphosa, na huyo aliyabeba mpaka sokoni Mosocho.

Kwa hiyo Nyanchera alisimama kando ya ghala, uso umegeukia pembeni, mtoto wake wa moto mgongoni, akaeleza alichokiona. Sauti yake ilikuwa ndogo. Kila neno lililotoka alitamani kulimeza tena.

"Umesikia?" Cleophas alimuuliza Nyangate.

"Nina jicho moja bovu. Masikio yote mazima."

"Ulikwenda kufanya nini kwenye ukuta wa mwenzio?"

"Kunusa."

"Kunusa nini?"

"Jani. Kwetu nilikozaliwa, mpakani na watu wa ziwa, mama yangu aliyapanda kuzunguka nyumba. Jioni aliyachoma kidogo, mbu wakaenda kuuma majirani." Akacheka kwa pua. "Sijayanusa tangu nilipoolewa na wezi wa ng'ombe nyinyi. Nimemnusa mama yangu, basi."

Watu walinung'unika. Kijana mmoja alisema mchawi hakosi jibu kamwe.

"Kama hukupanda wewe," alisema Cleophas, "amepanda nani?"

Lile jicho zima la Nyangate lilizunguka ua wote bila haraka, na halikusimama kwa mtu yeyote. "Muulizeni aliyepanda," akasema.

"Tunakuuliza wewe."

"Nami nimewajibu. Mimi ni mzee, Cleophas, nitakufa hata usiponisaidia. Lakini sitamchongea mtu aliyepanda majani."

"Asipopatikana, ni wewe."

Vijiti vilikuwa vimeegemezwa kwenye ua, vikavu kabisa. Nyanchera alisikia pumzi ya mtoto mgongoni, fupi na ya haraka. Basi wote walimtazama Momanyi, kwa sababu neno lilikuwa limebaki kwake.

Mzee aliinuka. Aliinuka taratibu, akiegemea fimbo, na alipolivuta koti lake kulifunga, upepo ulipita ukileta harufu upande wa ghala.

Kali. Ya kupanda kichwani.

Nyanchera alikuwa amelala katika harufu hiyo. Alikuwa ameivaa, ameikohoa, ameoga nayo isitoke. Hakuna mtu mwingine pale uani aliyeijua kama yeye, na sasa ilikuwa inatoka katika koti la baba mkwe wake, kwenye mfuko uliotuna. Alikumbuka kwamba mzee alibeba mizigo mpaka bandarini Kendu ujanani, na kwamba Owino, mwuza samaki kutoka ziwani, hapiti Mosocho bila kumletea rafiki yake chochote. Alikumbuka jioni ile isiyo na mbu. Alikumbuka udongo ulivyoshindiliwa, polepole, kama blanketi.

Alimwona mzee akifungua mdomo, na hofu iliyomshika ilikuwa kubwa kuliko zote za wiki zile. Kwa maana kama atasema, Nyangate atapona, lakini itajulikana kwamba Momanyi alikwenda, mkamwana akiwa hayupo, akapiga magoti kwenye ukuta wa kitanda chake, si mara moja. Mbuzi atachinjwa ili kumtakasa. Mbuzi ataliwa, nyama itakwisha, na swali la alitafuta nini pale halitakwisha. Abner atalisikia huko Kericho. Na mtoto huyu, akiishi, ataimbiwa wimbo wa kumcheka. Na kama hatasema, vijiti vile vitawaka.

Mzee alifungua mdomo, akaufunga.

"Ni mimi," alisema Nyanchera.

Wote waligeuka. Yeye aliendelea kulitazama ghala.

"Niliyepanda ni mimi. Nilipewa sokoni na wale wa samaki. Walisema yanafukuza mbu. Mtoto wangu wa kwanza nilimzika, niliogopa kumzika na huyu, nikayachukua."

"Wewe?" Cleophas alisema. "Si ndiye uliyelia kwa mke wangu kwamba unarogwa?"

"Mke wako aliuona ule wa mlangoni kabla sijasema. Angeuliza, ningesema nini? Mtu akionekana anapanda majani ya kigeni mwaka huu wa vifo, anaitwaje? Si mmeona anaitwaje. Nikaogopa. Nikasema simjui aliyepanda. Kisha nilipomwona mama huyu anayachuma nikaogopa zaidi, kwamba atanitaja."

Tryphosa alikuwa ameachama. "Na mimi niliyemeza moshi wote ule," akasema. "Macho yangu karibu yatoke. Nyanchera, wewe ni shetani kweli, na uso huo wa kanisani."

Mtu mmoja alicheka, halafu mwingine. Ni kicheko cha Tryphosa mwenyewe kilichovunja jambo lile, kwa sababu alipenda hadithi nzuri hata ikimwangukia yeye. Lakini Cleophas hakucheka.

"Huyo mtu wa samaki ni nani? Tutamuuliza."

"Owino nitamuuliza mimi," alisema Momanyi.

Hapakuwa na mtu aliyemtajia jina la Owino. Nyanchera alilisikia hilo. Nyangate alilisikia pia, akapenga kamasi kwa kelele nyingi sana kwa mwanamke wa umri wake, na neno likapita chini ya kelele hizo. Mzee alipiga fimbo chini. "Rudisheni kuni jikoni. Mtu mzima hachomwi kwa sababu ya kunusa."

Wakatawanyika, wengine wakionekana kama watu walionyimwa chakula.

Hapo ndipo hofu ile moja iliyobaki ilipopata nafasi ya kukua. Nyangate alimfuata Nyanchera nyumbani bila kualikwa, akachuma majani ya ule mche wa kidirishani, akayachoma kwenye kigae. Asubuhi Nyanchera alikwenda kwa miguu mpaka hospitali ya Kisii, akakaa kwenye foleni ya akina mama ambao hawakuongea, akapewa dawa chungu ambayo Kwamboka aliitema nusu. Homa ilishuka. Kisha ikapanda. Aliyempa dawa alikuwa amemwonya kwamba homa hii ina kawaida ya kuondoka na kurudi, kwa hiyo hata mtoto alipopoa Nyanchera hakupumua. Alikuwa amemng'oa mlinzi wa mtoto wake kwa jembe, tena na tena, na kumchoma njia panda, wakati mbu wakila. Hilo hakuwa na wa kumwambia. Alilala nalo.

Siku homa ilipokuwa inangojewa kurudi, aliamka mapema. Alitoa jembe dogo akaliegemeza ukutani chini ya kidirisha, na kando yake akaweka kibuyu cha maji. Akafagia pale, ili mtu anayepiga magoti asichomwe na mawe. Kisha akabeba mtungi, akapita mbele ya boma la baba mkwe akikohoa kikohozi kirefu cha kusema ninatoka, wala sirudi upesi.

Hakwenda mbali. Aligeuka nyuma ya migomba, akakaa na mgongo wake ukielekea nyumba, maana kutazama kungekuwa makosa mengine. Alimweka mtoto kifuani. Shingo ya mtoto ilikuwa na jasho, na hakujua kama ni jasho la homa kutoka au la homa kuja.

Alisikia fimbo. Alisikia goti likigusa ardhi na mzee akiguna. Jembe likaanza kazi, polepole.

"Karani," sauti ya Momanyi ilisema. "Kaa chini, nisikilize, wewe ni mjinga na hukufundishwa."

Mbwa alipiga mkia chini.

"Huu ni kivumbasi. Haung'olewi, Karani. Ukiung'oa nitakupiga. Unachuma majani ya chini, unaacha ncha. Unayakausha kidogo. Jioni, kabla mbu hawajaingia, unayaweka juu ya makaa, si juu ya moto, hutaki mtoto wa mbwa akohoe. Umeelewa? Na mabichi unayasugua unapo..." Sauti ilikwama. Ililitafutia njia nyingine neno lile lisilosemeka. "Unayasugua mahali mbwa anapojinyoosha."

Nyanchera aliweka kiganja mdomoni. Hakujua kama anacheka.

"Na yule mdogo," mzee aliuliza, taratibu, baada ya jembe kunyamaza. "Karani. Yule mdogo ameamkaje?"

Nyuma ya migomba, Nyanchera aliupeleka tena mkono wake shingoni mwa mtoto. Aliuacha hapo, akingoja ngozi imwambie.